Tundu la Sabufa

Kaka wa mke wangu alipata spika kuukuu ya gari, akaniomba mimi seremala nimtengenezee sanduku la sabufa kwa mabaki ya mbao. Nikaona kijicho. Sabufa yangu ndiyo iliyosifiwa na ukoo mzima, ingawa ilinguruma kama tumbo lenye njaa. Basi nikaliziba sanduku lake kotekote, bila tundu la kupumulia kama nililotoboa kwenye langu, ili besi, ule mdundo mzito, imfie humo ndani.

Jumapili akatualika tusikilize. Besi ilitoka nzito, safi, kila pigo mahali pake. Chai ikanipalia.

“Shemeji ana mkono wa dhahabu,” akawaambia wageni.

Njiani mke wangu akauliza, “Sasa sanduku letu ulilitobolea nini?”