Shangazi wa Shule Arobaini na Moja

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha sufuria ya chai kilianza kugongagonga taratibu, kama meno ya mtu mwenye baridi. Mama mzee alipunguza moto, akatoka uani, akapanga vikombe juu ya ukuta mfupi. Vingine vilikuwa vyake, vingine vya kuazima kwa majirani: vya bati, vya udongo, vya plastiki, na kimoja cha mtoto chenye picha ya bata. Alivihesabu kwa kidole. Vilikuwa arobaini na kimoja. Ilikuwa Jumanne, na siku ya Jumanne binti yake alikuwa watu arobaini na mmoja.

Binti huyo alikuwa mshauri wa wanafunzi wa wilaya nzima. Watoto walimwita Shangazi, kwa kuwa yapo mambo yasiyosemeka kwa baba wala kwa mama, na hayo ndiyo anayopelekewa shangazi. Siku nyingine alikuwa mtu mmoja mwenye kilo sitini na moja na nusu, akikaa ofisini kujaza fomu. Lakini Jumanne alivuka kizingiti akiwa mmoja, akafika uani akiwa arobaini na mmoja, wote wamevaa gauni la kijani, wote wamebeba mkoba uliochakaa pembe ile ile.

Jambo hili lilianzia kwenye waraka. Waraka wenyewe ulikuwa mzuri. Ulisema kwamba mtoto aliyejaa hofu hana pa kuweka hesabu, na kwamba huzuni ya mtoto ni kazi ya serikali kama ilivyo barabara na maji. Kwa hiyo kila shule ya msingi itakuwa na mshauri wa wanafunzi, kila Jumanne, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Aliyeuandika bila shaka alikuwa bado anakumbuka utoto wake. Wilaya ilikuwa na shule arobaini na moja. Nafasi ya kazi iliyoletwa ilikuwa moja. Lakini waraka ulikuwa umeshapigwa muhuri, na Shangazi alikuwa mtu wa kutii waraka.

Jumanne ya kwanza mama yake alimpa kikombe kimoja cha chai, ndani, kabla hajatoka. Kufika saa nne binti alikuwa na njaa katika shule arobaini na moja. Tangu hapo mama mzee alimwacha atoke kwanza, agawanyike, ndipo ampe kila mmoja kikombe chake.

"Kunywa, mwanangu," alisema mara arobaini na moja. Hakuruka hata mmoja, wala hakusema kwa haraka.

Kisha wakatoka getini mmoja mmoja, kila mmoja akashika njia yake.

Kugawanyika kulikuwa na taabu zake. Katika kila shule Shangazi alikuwa na kilo moja na nusu, uzito wa kuku asiyenona. Upepo ukivuma, watoto walimshika pindo la gauni hadi utulie. Katika shule moja walizoea kumwekea kamusi mapajani, katika nyingine boksi la chaki, na hakuna aliyewafundisha. Sauti yake nayo iligawanyika, hata ikabidi mtoto ainame karibu ili amsikie. Kilichokataa kugawanyika ni masikio. Kila Shangazi alisikiliza kwa masikio mazima, na mtoto aliyezungumza naye alirudi darasani akijua kwamba neno lake halikuanguka chini.

Jioni walirudi kwa kufuatana, wakaingia mlango mmoja, na wa mwisho alipoingia alikuwa ni yule yule, mtu mmoja. Ila alikuwa mzito kuliko alivyotoka, kwa sababu ya yote aliyoambiwa. Mama yake alikuwa ameongeza matofali mawili chini ya kitanda, bila kumwambia.

Siku moja ya Jumatatu Shangazi alikwenda kwa Afisa Elimu wa wilaya kuomba washauri arobaini zaidi. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti yeye mwenyewe, akakipangusa vumbi kwa kitambaa chake cha mfukoni, kisha akamfungulia jedwali.

"Tazama, dada. Mwezi wa tano huu tuna asilimia mia moja. Shule zote, Jumanne zote, na sahihi yako iko kila mahali. Nikiandika kwamba sina watu, nani ataniamini?"

"Mimi ni mmoja, Bwana Afisa."

"Wewe ni mmoja, sikatai. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Lakini wewe Jumanne unayo themanini na miwili." Akacheka, kisha akaona Shangazi hacheki, akaacha. "Niachie hayo maombi. Nitayaweka hapa juu juu, nisiyasahau."

Akayaweka juu, kisha juu yake akaweka kopo la kalamu, ili yasipeperuke.

Katika shule iliyo mbali kuliko zote alikuwapo msichana wa darasa la tano ambaye wenzake walimwita Kimya. Zamani alikuwa akisoma kwa sauti kuliko darasa zima. Tangu mama yake alipofariki hakuwa amesema neno. Alikuja kila siku, akakaa dawati la mbele, akaandika kazi zote kwa mwandiko safi. Lakini utaratibu wa kuita majina ulidai mwanafunzi aitike "Nipo," na asiyeitika huhesabiwa hayupo. Mtoro wa siku sitini hufutwa jina, na dawati lake hupewa mwingine. Shule nyingine ya karibu haikuwapo.

Mwalimu wa darasa alimpenda mtoto huyo. Alimwita mara tatu kila asubuhi, akangoja muda mrefu mno kati ya mara moja na nyingine, akijifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni pake. Lakini kusema uongo katika daftari hakuweza.

"Namwona kwa macho yangu, Shangazi," alisema Jumanne hiyo. "Lakini kalamu yangu inafuata sikio. Leo ni siku ya hamsini na tisa. Kesho sina ujanja."

Shangazi aliingia katika chumba cha ushauri, ambacho kilikuwa stoo ya mafagio na madawati mabovu. Kimya alikuwa amekwishakaa, akimsubiri. Walikaa pamoja kama Jumanne zote. Kisha mtoto akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akainua mikono, akataka kumwegemea. Shangazi alimpokea kwa kilo moja na nusu aliyokuwa nayo, na wote wawili wakaanguka na kiti. Mtoto aliinuka upesi, akamwinua Shangazi kwa mkono mmoja, akamkung'uta vumbi, akarudi kukaa mbali kidogo, mikono ameiweka mapajani.

Shangazi akaitazama ile mikono. Alilolijua mmoja, wote walilijua, japo kwa mbali, kama redio ya jirani. Kwa hiyo katika vyumba vingine arobaini, kwa wakati mmoja, Shangazi alinyamaza katikati ya maneno, kisha akawaambia watoto waliokuwa naye na waliopanga foleni nje.

"Wanangu, kuna mtoto anayehitaji mtu mzima, mwenye uzito wake wote. Nawaomba saa moja. Mkikataa sitakwenda, kwa sababu saa hii ni yenu."

Watoto wakafikiri. Baadhi yao walikuwa wamengoja zamu kwa majuma matatu. Mmoja aliyekuwa na mambo mazito kifuani alisema, "Nenda tu. Shida yangu haihami." Mwingine akauliza, "Ana nini?" na alipoambiwa kwamba ni siri ya mwenyewe, akasema hiyo ndiyo haki. Mtundu mmoja akasema, "Sawa, lakini ukirudi unaanza na mimi, usije ukanisahau kama mwalimu wa michezo." Katika shule zote arobaini hakuna mtoto aliyesema hapana.

Wakaja, wanawake arobaini wa gauni la kijani, wakikata mashamba na barabara, wepesi kiasi kwamba upepo uliwasaidia njiani. Mlinzi wa geti aliwaandikisha katika daftari la wageni mmoja mmoja, maana ndivyo utaratibu unavyotaka. Alipofika wa ishirini na sita wino ulikwisha, akawaambia waliobaki wapite, atawakumbuka. Mwalimu wa darasa aliwaona dirishani. Aliwapa wanafunzi kazi ya kuchora ramani, kazi isiyo na kelele, akaenda kuushikilia mlango wa stoo usijifunge.

Kila aliyeingia alikaa palepale alipokuwa yule wa kwanza. Kiti kikaanza kulia. Alipoingia wa arobaini, Shangazi alikuwa mtu mzima, kilo sitini na moja na nusu, na jasho la safari arobaini usoni. Akafungua mikono.

Kimya alimwegemea taratibu kwanza, kama anayejaribu ngazi. Ngazi haikuanguka. Akamwachia uzito wake wote. Walikaa hivyo. Nje fagio la mtu lilikuwa likikwaruza ua, likaacha, na hatua zikaondoka kwa kunyata.

"Asubuhi ile," mtoto akasema, kwa sauti iliyoota kutu, "Mama aliniita. Waliniambia aliniita mara mbili. Mimi nilikuwa hapa. Mwalimu akaita jina langu, nikasema nipo."

"Ndiyo, mwanangu."

"Wewe unaweza kuwa kila mahali. Mimi sikuweza."

"Hata mimi siwezi," alisema Shangazi. "Ili niwe hapa nimewaacha watoto wa shule arobaini."

Mtoto akainua kichwa. "Wamekasirika?"

"Wamesema niende."

Kimya akaliwaza hilo. Shangazi akamuuliza, "Asubuhi ile, nani alikuandaa kuja shule?"

"Mama. Alikuwa amelala kitandani. Akaniambia nisogee, akanifunga kifungo cha hapa juu. Akasema nisichelewe."

"Basi na yeye alisema uende."

Ndipo mtoto alipolia, kwa sauti kubwa iliyosikika hadi darasa la tano, na wenzake wakaendelea kuchora ramani zao wakiwa wameinamisha vichwa. Shangazi hakumharakisha. Saa ilipokwisha, arobaini waliinuka mmoja baada ya mwingine wakarudi walikotoka, na katika shule moja Shangazi akaanza na yule mtundu.

Jumatano asubuhi simu ya ofisi ya wilaya ililia. Alikuwa mwalimu wa darasa.

"Ameitika," alisema. "Nilimwita mara moja tu, Shangazi. Sikuwa hata nimeanza kutafuta miwani."

Mwisho wa mwezi jedwali lilionyesha kwamba shule arobaini zilikosa mshauri kwa saa moja. Afisa alisikitika kweli, lakini waraka ulikuwa wazi, kwa hiyo aliandika barua ya onyo, nakala arobaini, moja kwa kila shule. Shangazi alizichukua zote, na Jumanne kila mmoja wa wale arobaini aliweka ya kwake mfukoni, ambako ilimsaidia kidogo upepo ulipovuma. Mbali na saa hiyo moja, taarifa ilisema, huduma imefika kila mahali, na hakuna haja ya kuongeza watumishi. Maombi ya washauri arobaini yaliendelea kukaa chini ya kopo la kalamu. Hayakupeperuka.

Jumanne iliyofuata, katika stoo ya mafagio, Kimya alimsomea Shangazi kurasa nne za kitabu cha kusoma, kwa sauti. Hakujaribu kumwegemea. Alikaa ubavuni pake, vidole viwili vimeshika pindo la gauni la kijani, kwa maana dirisha lilikuwa wazi. Saa tisa ilipofika Shangazi akachukua mkoba wake. Mtoto akamsindikiza hadi getini, bado amemshika.

"Jumanne utakuja tena?"

"Nitakuja."

"Wote?"

"Si wote, mwanangu. Wengine watakuwa na watoto."

Mtoto akaitazama barabara, akafikiri kama mtu anayepima kitambaa asipunje mwingine. Kisha akaliachia pindo.

"Basi njoo, Shangazi," akasema. "Njoo hata kidogo."