Kikohozi Katika Jumba la Nyota

Wanafunzi walimpa mzee huyo jina la Mzee Giza, kwa sababu kazi yake katika jumba la nyota ilikuwa kuzima taa. Akizima, dari la mviringo linajaa nyota, na sauti ya marehemu mkewe, iliyorekodiwa zamani, inaanza kueleza. Mama alikuwa marehemu miaka sita sasa na hajakosa kazini hata siku moja. Sisi wazima nani anaweza kujisifu hivyo?

Dosari ilikuwa moja. "Nyota haizaliwi kwenye joto, watoto," mama alisema. "Wingu la gesi lipoe kwanza, lijikunje kwa uzito wake, mpaka kitovu kiwake." Hapo akakohoa, kikohozi kirefu, kile kile kilichokuja kumwondoa. Watoto walikuwa wakicheka. Mzee hakuvumilia, kwa hiyo kila mara akifika hapo alishusha sauti, akangoja mkewe amalize, akaipandisha.

Binti yao ndiye mtaalamu wa nyota hapo, na ilimbidi amwambie.

"Baba, maelezo ya mama yamepitwa na wakati. Anasema galaksi za mbali zinazaa nyota polepole. Kumbe nuru yake ilitoka huko zamani mno, zikiwa bado changa, zinazaa kwa fujo."

"Kwa hiyo mama yako kawa muongo?"

"Hapana, Baba. Ndivyo alivyofundishwa. Nitarekodi upya mwenyewe. Hii ya mama nakuwekea kwenye simu, usikilize nyumbani."

"Nyumbani alikuwa ananigombeza tu," mzee akasema. "Hapa ndipo alipokuwa anaongea vizuri."

Siku ya kwanza ya sauti mpya, binti aliketi nyuma ya watoto. Taa zikazimwa. Alijisikia akieleza, sauti safi, na akajichukia kidogo. Wingu likatokea darini, likapoa, likaanza kujikunja. Ghafla ukumbi mzima ukawa kimya.

"Sauti imekatika!" watoto wakapiga kelele.

Binti akageuka. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, baba yake alikuwa ameinamisha kichwa, kidole kwenye kitufe cha sauti, anangoja.

"Tumwite fundi?" mwalimu wa watoto akanong'ona.

"Hapana," akajibu, machozi yakimtiririka. "Mama anakohoa. Tumsubiri amalize."