Mguu wa Tano wa Mbuzi wa Marijani

Brightson alikuja kwangu Tegeta siku ya mvua akiwa na viatu vyeupe, na hapo hapo ningemfukuza. Mtu mwenye akili zake hapiti na viatu vyeupe kwenye lile dimbwi la mbele ya nyumba yangu, ambamo mwaka juzi nilivua kambale wawili na redio ikiwa bado inatangaza mpira. Lakini shikamoo yake ilikuwa nzuri na mkononi kabeba mkate. Nikampa kiti.

"Mzee Wilbert, nimeambiwa nyie ndio mliotunga Kamba."

"Umeambiwa na nani?"

"Na wadau."

Wadau. Nina miaka sabini na mmoja, na sijawahi kumwona mdau aliyebeba hata tofali moja.

Kamba, yaani uongo kwa lugha ya vijiweni, ni mchezo wa karata. Tuliutunga watatu, mie, Albano na marehemu Marijani, kwenye yadi ya matofali kule Wazo, zile siku ambazo lori la mchanga haliji. Karata tulizikata kwenye mifuko mitupu ya saruji. Ni arobaini, na thelathini na tisa zina picha: mbuzi, ngazi, bibi harusi, sufuria, na kadhalika. Unaweka karata moja mezani, unasimulia kisa chako na hicho kitu. Asiyekuamini anasema "kata". Wakikata wengi, unazoa karata zote za mezani. Anayebaki mikono mitupu kabla ya wenzake ndiye mshindi. Mie nilishashinda kwa karata ya ngazi, nikisimulia nilivyopanda kubadilisha balbu ya mwezi. Hawakunikata, maana Albano alikiri kwamba ngazi ni yeye aliyeishika.

Karata ya arobaini haina picha. Marijani aliandika juu yake: "Nakili, badili, gawa. Usimzuie mwenzio." Chini yake yanafuata majina ya kila aliyenakili. Na tulikuwa na desturi: ukinakili karata zetu, unaweka kosa moja la kwako, kwa makusudi, ndiyo saini yako. Albano aliichora ngazi bila kipago cha chini. Bibi harusi wangu mie ana saa mikono yote miwili. Marijani alimpa mbuzi mguu wa tano, akasema huyo ni wa akiba.

Brightson akaniambia anataka kuutia mchezo wetu kwenye simu, uwe programu ya chanzo huria. Maana yake, akanifafanulia taratibu kama anayemlisha mtoto uji, kila mtu ataruhusiwa kuichukua, kuinakili na kuibadilisha. Nikamtazama. Marijani alishayaandika hayo kwenye mfuko wa saruji wakati huyu bwana hajazaliwa.

Karata za awali zilikuwa zimebaki kwa mjane wa Marijani, Bi Tunu, huko Manzese, ndani ya kopo la biskuti. Nikampeleka. Bi Tunu vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, hawezi tena kushika karata mkononi, na tangu mumewe afariki hajacheza. Akamkagua Brightson kuanzia viatu kwenda juu.

"Shemeji, huyu anajua kuchora?"

"Hajui. Anapiga picha, halafu mashine inachora."

"Alaa." Akalisukuma kopo mezani. "Basi sikiliza, mwanangu. Mie sitaki asante yako wala sitaki jina langu. Nataka siku nikifungua simu, nimwone mbuzi wa Marijani kama alivyomwacha. Ni hilo tu."

"Bi mkubwa, huyu mzee wetu tutamuenzi," Brightson akasema, mkono kifuani.

Mie neno kuenzi nalijua. Ndilo watu wanalolisema kabla ya kubomoa.

Njiani kurudi nikamweleza kuhusu makosa. Nikamwambia ngazi, saa na mguu si bahati mbaya, ni saini, asiviguse. Brightson akacheka, akanipiga begani kama tumesoma wote.

"Kata," akasema.

"Nasema kweli."

"Mzee, leo asubuhi umeniambia umevua kambale wakiwa na redio."

"Kambale walikuwa wa kweli. Redio ndiyo nilikuwa nayo mie."

"Kata tena," akasema, na akaendelea kucheka hadi kituoni. Hapo nakubali na mie nina sehemu yangu ya lawama, lakini ni ndogo sana.

Ilipita miezi mitatu. Tukaalikwa kwenye ukumbi mmoja hapa Tegeta, nyuma ya duka la mabati, kushuhudia gemu likionyeshwa kwa majaji wa mashindano fulani. Kulikuwa na maji ya chupa, vitambulisho vya kuvaa shingoni, na Brightson mbele na viatu vyeupe vingine. Alionyesha jinsi mchezaji anavyogusa karata, anavyorekodi kisa chake kwa nusu dakika, na wenzake walio mbali wanavyobonyeza "kata". Nusu dakika! Mie nusu dakika ndiyo kwanza nakohoa.

Halafu akasema, kwa fahari ya mtu aliyefagia msikiti, "Michoro ya awali ilikuwa na makosa mengi. Timu yetu imeyarekebisha yote."

Bi Tunu alikuwa kakaa pembeni yangu, kavaa kanga zake mpya. Alipewa simu kama wageni wote. Akazipitisha karata kwa ncha ya kidole, moja moja, akafika kwenye mbuzi. Akamsogeza karibu na macho. Akamsogeza mbali.

"Shemeji, nihesabie."

Nikahesabu. Minne. Tena minyoofu, na kwato zimepigwa rangi.

"Nami nimeona minne," akasema. "Nilidhani ni macho."

Nikafungua karata ya arobaini. Majina hayakuwepo. Paliandikwa: "Shukrani kwa jamii." Jamii! Jamii haikuwahi kukata mfuko wa saruji kwa wembe wa kunyolea.

Bi Tunu akairudisha simu mezani, akaigeuza kioo chini. "Nipe kopo langu," akamwambia Brightson alipokuja kutusalimia. "Huyu mbuzi simjui."

"Bi mkubwa, si tumemrekebisha tu? Alikuwa na miguu mitano."

"Naijua idadi. Nilikuwepo anachorwa."

Bi Tunu alipokwisha kutoka na kopo lake kwapani, nikamvuta Brightson nyuma ya spika. "Nilikwambia ni saini."

"Nilidhani ni kamba, mzee."

"Sasa umejua. Rudisha mguu, rudisha majina."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Toleo limeshafungwa, liko kwa majaji. Na tuseme ukweli, mzee wangu, jina langu likae kwenye kazi yenye mbuzi wa miguu mitano? Wadau watanionaje?"

Basi hapo nikamwelewa vizuri. Siku zote nilidhani ni mjinga tu, na mjinga unaweza kumvumilia. Kumbe ni mtu anayeogopa kuchekwa, na kapewa kazi ya kutengeneza mchezo wa kuchekana.

"Lakini bado ni huria?" nikamuuliza. "Yeyote anaweza kunakili na kubadili?"

"Yeyote kabisa, mzee," akajibu, kifua mbele. "Kila kitu nimekiweka wazi mtandaoni."

Kesho yake nikawa Manzese, kwenye kibanda cha Sekela, fundi simu. Sekela alijifunza mwenyewe kuandika programu, wateja wakichelewa kuja kuchukua simu zao. Sijawahi kumwona na kitambulisho shingoni. Nikamsimulia yote, naye akasikiliza huku kashika bisibisi mdomoni.

"Hii ni kweli, babu, au ni zile za kwako?"

"Ni kweli."

"Apa."

Nikaapa. Tukavuka kwa Bi Tunu, tukapiga picha karata zote upya, na kopo halikutoka nyumbani. Siku ya tano Sekela aliniita, keshanakili programu ya Brightson na kuibadili. Ngazi imepoteza kipago. Bibi harusi ana saa zake mbili. Kisa unasimulia mpaka uchoke mwenyewe. Na sufuria, ambayo hakuna aliyewahi kuigusa, sasa ina mfuniko wenye kishikio upande wa ndani.

"Hilo la kwangu," Sekela akasema. "Sasa majina. Huyu Brightson naye tumweke?"

"Si amenakili? Desturi haimbagui mtu."

"Kosa lake lipi?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka mteja wa jirani akachungulia, halafu akaandika.

Bi Tunu tulimpa simu ikiwa juu ya mto mapajani, asihitaji kuishika. Dada yake alikuwa Tanga na simu yake, mie na Sekela tuna za kwetu, tukawa wachezaji wanne. Karata ya mbuzi ilimwangukia yeye. Alihesabu kwa kidole, akafika tano, akahesabu tena kuanzia nyuma. Kisha akaigusa, akaanza kusimulia.

"Huyu mbuzi ndiye aliyeleta barua yangu ya posa. Alitembea kwa miguu minne kutoka Wazo, barua kaibana kwa wa tano. Alipofika, akaomba maji, akaomba na jibu."

Dada mtu kule Tanga akabonyeza "kata". Sekela naye akakata. Mie sikukata, na si kwa huruma. Barua ile naikumbuka. Ilikuwa imetafunwa pembeni.

Bi Tunu akazoa karata zote za mezani. "Endeleeni," akasema. "Nina usiku mzima."

Wiki iliyofuata Brightson akanipigia. Shikamoo ilikuwa fupi. Alikuwa ameiona karata ya arobaini ya toleo letu, ambalo Sekela aliliweka mtandaoni, na ambapo chini ya maneno ya Marijani pameandikwa: Albano, ngazi. Wilbert, saa. Marijani, mguu. Sekela, mfuniko. Brightson, alisahihisha.

"Mzee, sio fea. Wadau wanasoma. Iondoeni."

"Mchezo ni huria," nikamjibu. "Nakili uondoe mwenyewe."

Nikasikia anaanza kubofya kompyuta.

"Ila ukiondoa," nikamwambia, "itabidi tuandike umesahihisha mara mbili."