Uso wa Kwenye Kadi

Saa mbili asubuhi Mama Pasi alikuwa ameshapitisha mashuka arobaini kwenye rola la moto, na kapu la mashuka mabichi lilikuwa bado limejaa pomoni. Alishika pembe mbili, akalikung'uta shuka mara moja, akaliingiza. Upande wa pili alikuwepo Kipaza, mwenzake wa miaka mingi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya sauti yake. Yeye alilipokea shuka likiwa kavu, akalikunja mara nne, akaliweka kwenye toroli la wodini. Chumba cha dobi cha hospitali ile kilikuwa na dirisha moja tu, na mvuke ulipenda kukaa ndani kuliko kutoka.

Kila baada ya mashuka kumi Mama Pasi alikwenda dirishani. Alichukua kitambaa chake laini cha pamba, akakichovya kwenye maji ya baridi, akakiweka usoni na kukibonyeza taratibu. Hakusugua hata kidogo.

"Unaubembeleza huo uso kama kichanga!" Kipaza alipaza sauti kushinda mngurumo wa mashine.

"Nikiusugua unanuna."

"Hebu geuka nikuone. Aa, sharubu zimepungua! Mwaka jana nilikuwa nakaribia kukuamkia 'shikamoo baba'."

Wakacheka, na Mama Pasi akarudi kwenye kapu.

Sharubu zenyewe zilikuwa doa la kahawia iliyokolea juu ya mdomo. Mengine mawili mapana yalikaa mashavuni, na moja lilipita kwenye paji la uso kama ukanda. Yalianza na mimba ya kitindamimba wake, mepesi, ya kuonekana ukiwa karibu tu. Jua la kwenda na kurudi kazini likayakoleza, joto la rola likamalizia. Wifi yake, mfagizi wa wodi hapo hapo hospitalini, akamletea tyubu. Haikuandikwa ndani yake mna nini. Ilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka, basi. Na kweli, kwa miezi minne Mama Pasi aling'aa. Watu walimsimamisha njiani kumwuliza siri. Ni katika miezi hiyo hiyo ndipo hospitali ilipowapiga wafanyakazi picha za kadi za kazi.

Kufika mwezi wa saba ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Chunusi zilimtoka, vimishipa vyekundu vikajichora kando ya pua, na kila aliposogelea rola uso uliwaka kama umepakwa pilipili. Madoa yakarudi, meusi kuliko mwanzo.

Siku moja sista wa kliniki ya ngozi alikuja kuchukua magauni ya wagonjwa. Alipomwona, akamwita dirishani, akamshika kidevu na kumtazama kwa muda.

"Hiyo tyubu ina dawa kali, na pengine zebaki," alimwambia. "Nitakupeleka kwa daktari wetu akuachishe polepole, usiikate ghafla. Juani vaa kofia pana. Paka mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu. Limau, dawa ya meno, jiwe la kusugulia, hizo zote ni fujo. Chunusi usizitumbue, kila unayoitumbua inakuachia doa lake. Na usije kesho kuniuliza kama yameisha. Hesabu miezi. Mengine yatafifia, mengine utazeeka nayo."

Miezi kumi ilikuwa imepita tangu siku hiyo. Ngozi ilikuwa imeshiba tena, haiwaki, na madoa yalikuwa yameanza kulegea pembeni.

Saa nne Mama Pasi alivua aproni akaenda kwenye uhakiki wa wafanyakazi. Ilikuwa siku ya mwisho, mwisho saa tisa, na asiyehakikiwa jina lake linafutwa. Foleni ilianzia mlangoni kwa karani wa utumishi hadi kwenye ngazi. Alisimama saa moja na nusu, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

Karani alikuwa kijana wa shati lililonyooshwa vizuri. Hilo Mama Pasi aliliona kabla ya kitu kingine. Mezani pake palikuwa na mihuri mitatu na mkasi uliofungwa kamba usiibwe. Nyuma ya kichwa chake ukutani palibandikwa bango kubwa la hospitali, kona moja imebanduka. Karani alivuta fomu yenye jina la Mama Pasi, iliyokwisha kujazwa, akaichukua kadi, akaitazama, akamtazama mwenye kadi, akaitazama tena.

"Huyu siyo wewe."

"Ni mimi, mwanangu."

"Mama, mimi nina macho. Huyu wa kwenye kadi ni mweupe, uso safi kabisa. Wewe una..." Akazungusha kalamu hewani mbele ya uso wake. "Una haya mambo."

"Yanaitwa madoa. Yataje tu, hayaambukizi."

"Tuna maagizo. Humu kuna wafanyakazi hewa, majina yanalipwa na watu hawapo."

"Hewa inanyoosha mashuka mia mbili kwa siku? Basi niletee hewa nyingine mbili, kule tumechoka."

Foleni ikacheka. Karani hakucheka. Akairudisha kadi kwa ncha ya kidole.

"Kwa huruma yangu nakupa siku kumi na nne. Urudi unafanana na picha. Jipake kile kile ulichokuwa unajipaka. Usipofanana, nafuta jina. Anayefuata!"

Wifi yake, aliyekuwa kwenye foleni hiyo hiyo, alikuwa amesikia kila neno. Akamvutia kwenye kona ya ngazi na kufungua mkoba wake.

"Siku kumi na nne zinatosha na zinabaki, wifi yangu. Paka asubuhi na jioni. Wakishagonga muhuri, acha. Nani atajua?"

"Uso utajua."

"Uso haulishi watoto. Ukifutwa, wanao watakula madoa?"

Hilo lilimwingia. Watoto walikuwa watatu, chumba ni cha kupanga, na hakuna mwingine nyumbani aliyekuwa na kazi. Akaipokea tyubu. Hata kabla ya kuifungua harufu ilimfikia, ile ya maua yaliyochachia kwenye maji, na mashavu yakakumbuka yenyewe ule moto.

Akautazama mkono uliompa. Uso wa wifi ulikuwa wa rangi ya ndizi mbivu, lakini vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi ti. Hapo dawa haikupata njia. Mama Pasi alilijua hilo, maana na yeye enzi zile alikuwa akivificha vyake kwenye mifuko ya aproni watu wasivione.

Akaitazama tena kadi yake. Siku ya picha kila mfanyakazi alishikishwa kibao cha namba mbele ya kifua. Pale chini ya uso ule unaong'aa, vidole vilikuwa vimekishika kibao: vifundo vyeusi, na kidole cha mwisho cha kulia kimepinda, pale rola lilipokibana mwaka wake wa kwanza kazini.

"Shika tyubu yako, wifi."

"Unakwenda wapi?"

"Kujionyesha."

Foleni ilimpisha. Mzee mmoja wa jikoni hata alimshikia mlango. Mama Pasi aliiweka kadi mezani, na kando yake akaitandaza mikono yake miwili.

"Tazama na hapa, mwanangu. Hivi vifundo ni vya nani? Na hiki kidole kilichopinda?"

Karani alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

"Sisi tunahakiki uso."

"Uso ule niliupaka. Vidole vilikataa kupakwa. Wewe unamwamini yupi, aliyekubali kubadilishwa au aliyekataa?"

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya vidole!"

"Ipo. Mstari wa kumi na mbili, 'Alama za pekee'. Umeandika 'hana'. Kata hiyo 'hana'. Andika kidole cha mwisho cha kulia kimepinda. Halafu andika madoa: mashavuni, kwenye paji, na juu ya mdomo."

"Mama, unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Nakusomea ukuta wako." Akanyanyua kidevu kuelekea kwenye bango, akasoma pole pole, neno kwa neno, kama walivyosomeshwa darasa la pili. "'Acha krimu za kubadili rangi ya ngozi. Zinaharibu ngozi na figo. Ukiona madoa, fika kliniki ya ngozi, chumba namba tisa.' Muhuri ni wa hospitali hii. Nimekwenda namba tisa, nimeacha. Sasa hospitali ile ile inanituma nikajipake tena. Niitii ipi, ya ukutani au ya mezani?"

"Jibu, kijana!" mtu alisema kutoka kwenye foleni. Mwingine akapiga mluzi.

Karani alifuta jasho. Akaikata "hana" kwa mistari miwili, akaandika, herufi zikiwa ndogo ndogo. Kisha akasema, bila kunyanyua macho, kwamba picha mpya itahitajika, leo leo, kabla ya saa tisa.

Mpiga picha alikuwa chumba cha pili, nacho kilikuwa na foleni yake ndefu na kitambaa cha buluu ukutani. Alimpiga, akabonyeza vitufe vyake, karatasi ikatoka. Mama Pasi akaiangalia.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama. Nimekusafisha kidogo. Mashine yenyewe inasafisha, na ofisini wanapenda nyuso safi."

"Mimi nimenawa asubuhi. Rudia."

"Mama, watu wananilipa nyongeza wasafishwe."

"Basi huo usafi wangu mgawie mwingine. Rudia, na uiache hivyo hivyo."

Akarudia, akinung'unika. Safari hii yalitoka yote, doa kwa doa. Mama Pasi aliisogeza picha dirishani. Kwa kioo cha nyumbani, kilichopasuka, hakuwa amewahi kuona vizuri hivyo jinsi pembe za madoa zilivyoanza kupauka. Miezi kumi. Sista alikuwa amesema kweli.

Zilitoka nakala mbili. Saa tisa kasoro dakika kumi karani alibandika moja kwenye fomu. Akachukua kadi ya zamani, akaikata katikati kwa mkasi wake wa kamba, akachagua muhuri. Hakuchukua ule wa "Amehakikiwa". Alichukua ule wa "Anachunguzwa".

"Mshahara wa mwezi huu utasubiri majibu," alisema, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu tena. "Mimi sina la kufanya. Ni utaratibu."

Mama Pasi alizunguka meza, karani akirudisha kiti nyuma kwa mshtuko, akaichomeka nakala ya pili ya picha yake kwenye ile kona ya bango iliyobanduka, uso ukiwa nje, akaibonyeza kona ishike ukuta. Uso ukabaki hapo juu ya kichwa cha karani, na madoa yake yote, ukiitazama foleni.

"Ukisahau ninavyofanana, mwanangu, geuka nyuma."

Kwenye ngazi wifi yake alikuwa bado anasubiri, mikono ameitia mifukoni.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo sista wa namba tisa hukaa siku gani?"

"Jumatano. Uende na tyubu, atataka kuiona."

Chumba cha dobi kilikuwa kimejaa mvuke kuliko asubuhi. Simu ya ukutani ilikuwa inalia.

"Umepita?" Kipaza aliuliza.

"Nachunguzwa. Wanasema mimi ni hewa."

"Na mshahara?"

"Nao unachunguzwa."

Kipaza alisonya sonyo refu, akaiangalia simu. "Hao ni chumba cha upasuaji, mara ya nne sasa. Hawana hata shuka moja." Akatupa kapu jipya karibu na rola. "Haya, hewa. Shika pembe."