Nusu ya Kwanza ya Hotuba

Jukwaani, Profesa, mdogo wake Mkunga wa tumbo moja, alikuwa anamtetea mpinzani wake, Bwana Mabati, na alikuwa anamtetea vizuri. Hilo ndilo lililomchemsha Mkunga damu. Angekuwa anaboronga, watu wangecheka, yakaisha. Lakini Profesa aliongea taratibu, sauti imetulia, kila neno mahali pake, na uwanja mzima ulikuwa umenyamaza kumsikiliza.

Mkunga alikaa kiti cha mbele na sare yake nyeupe ya kazini. Ni yeye aliyemwita mdogo wake kutoka chuo kikuu aje agombee. Zahanati yao ilikuwa na chumba cha kujifungulia chenye vitanda vinne, na mbunge aliyekuwepo, yule waliyempachika jina la Bwana Mabati kwa sababu kila uchaguzi hugawa mabati na kila mvua paa bado zinavuja, alikuwa ameapa kukifunga. Wajawazito wote waende hospitali kubwa, ng'ambo ya mto. Kila mtu alijua shemeji wa mbunge huyo anakimezea mate kiwanja cha zahanati ajenge kituo cha mafuta. Lakini Mkunga alichokijua zaidi ni ile barabara. Alishazalisha mwanamke ndani ya lori lililokwama darajani, maji yamefunika njia, na mtoto yule hakulia. Tangu siku hiyo, hakutaka mtu amtajie hospitali kubwa.

Basi alimpigia simu mdogo wake, bingwa wa mambo ya afya ya jamii, akamwambia, "Wewe ndiye wanayekuheshimu. Njoo." Kisha akabisha mlango mmoja baada ya mwingine. Nusu ya watu wa kata ile walipita mikononi mwake siku waliyozaliwa, nani angemfungia? Kila alikoingia alisema yaleyale: huyu amesoma mpaka vitabu vimemkimbia, akisema jambo ni hilohilo, msibishane naye. Na watu waliitikia, haya mama, tumekusikia.

Sasa walikuwa wanamsikia.

"Kabla sijatoa hoja yangu," Profesa alikuwa ameanza hivyo, "haki inataka niieleze hoja ya mwenzangu kwa nguvu zake zote, hata kuliko anavyoieleza yeye mwenyewe."

Ndivyo alivyozoea kufundisha. Darasani humjengea mpinzani wake nyumba mpaka paa, anaweka na madirisha, halafu anaibomoa tofali kwa tofali, na wanafunzi wanampenda kwa hilo. Wanajua wasubiri. Hakuna mwanafunzi anayeondoka kabla ya nyumba kubomoka, maana mtihani unakuja.

Akawaeleza kwamba zahanati ndogo haina chumba cha upasuaji. Kwamba damu ikimtoka mama, mkunga hata awe hodari vipi hana benki ya damu. Kwamba nchi nyingi zilipokusanya wataalamu mahali pamoja, vifo vya kina mama wajawazito vilipungua. Mfano huu, mfano ule. Mwanamke mmoja mjamzito, binti wa muuza mkaa, alitikisa kichwa akasema kwa sauti, "Kumbe!" Mkunga alimwangalia, akatamani kumziba mdomo.

Akainua mkono, akapitisha kidole shingoni, yaani kata, kata hapohapo. Profesa aliiona ishara. Akadhani dada yake anamwonea huruma kwa koo kukauka. Akatabasamu, akanywa maji, akasema, "Sasa tuje kwenye hoja yake ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote."

Hoja ya tatu ndiyo ilikuwa inaisha alipopanda askari kumkumbusha kwamba ni saa kumi na mbili, na kwa mujibu wa sheria mikutano ya kampeni inafungwa. Bwana Mabati huwa anamtania askari huyohuyo, anampigapiga begani, anaendelea mpaka giza linaingia. Profesa aliangalia saa yake.

"Sheria ni sheria," alisema. "Sehemu ya pili, ambayo ndiyo majibu yangu, nitaiandika na kuibandika kwenye ubao wa matangazo pale sokoni. Asanteni sana kwa usikivu wenu."

Ulikuwa mkutano wao wa mwisho kabla ya kura.

Mkunga hakumbuki alivyopanda jukwaani. Aliipokonya maiki, lakini fundi spika alishachomoa nyaya, naye ni mtu wa kufuata ratiba. Akapiga kelele kwa koo lake tu: "Hajamaliza! Jamani, rudini, hajamaliza! Anataka zahanati ibaki!" Watu walikuwa wanajipangusa vumbi na kupiga makofi huku wanaondoka. Mzee mmoja alimpungia mkono. "Mama Mkunga, hongera. Kweli huyu kijana kichwa chake kimejaa. Mimi sikujua kama ile hospitali ina faida zote zile!"

Kesho yake gari la Bwana Mabati lilizunguka mitaa yote na sauti ya Profesa kwenye spika. Hawakuikata wala kuiongezea neno. Waliiweka vilevile, hoja ya kwanza hadi ya tatu, halafu muziki.

"Unasikia?" Mkunga alimuuliza mdogo wake jikoni kwake, akibamiza sufuria. "Unajisikia wewe mwenyewe?"

"Dada, wametumia sehemu tu. Huo si uungwana."

"Sehemu ipi wameacha? Ulisema nini kingine?"

Profesa alivua miwani, akaifuta. "Majibu nimeyabandika. Kurasa saba. Mtu makini atasoma."

"Mtu makini! Mtu makini yuko shambani, mtu makini yuko mashine ya kusaga. Atasimama juani asome kurasa saba kwa sababu wewe uliona haya kumwambia askari subiri kidogo?"

"Ungetaka niwadanganye? Niwafiche upande wa pili?"

"Nilitaka uanze na yule mtoto wa darajani!" Alikuwa analia sasa, na machozi yalimzidishia hasira. "Nilikusimulia. Nilikuambia mpaka rangi ya ile nguo niliyomfungia. Ulimweka ukurasa wa ngapi?"

Profesa alirudisha miwani usoni. "Wa sita," alisema. "Kama mfano."

Mkunga alitoka nje, akakaa kizingitini. Hasira yake haikujua imwendee nani. Alimkasirikia mdogo wake, akawakasirikia wale waliopiga makofi, watu wazima aliowakata kitovu kwa mkono wake, wameshindwa kuuliza hata swali moja. Halafu akakumbuka nani aliwaambia wasibishane naye. Hapo hasira ikamgeukia yeye mwenyewe, na hakuwa na pa kuipeleka.

Bwana Mabati alishinda kwa kura nyingi, nyingi zaidi ya uchaguzi uliopita. Haukupita muda, lori likaja na barua ya kukifunga chumba. Mkunga aliwaomba wapakiaji wamwache avipanguse vitanda kwanza, wasije wakasema kule ng'ambo kwamba alikuwa mchafu.

Alikuwa anapangusa kitanda cha mwisho Profesa alipoingia. Alikuwa ameshaaga, anarudi chuoni, na uso wake ulikuwa na uchangamfu ambao Mkunga hakuuona tangu matokeo yatangazwe.

"Dada, nina dakika chache. Nimeanza kuandika makala. Kwa nini wapiga kura huwakataa wasomi. Nadhani ni jambo kubwa, na wewe uliliona kwa karibu." Akaiweka simu yake juu ya godoro inase sauti. "Niambie kwa maneno yako. Kwa nini watu hawatusikilizi?"

Mkunga aliitazama ile simu, akamtazama mtu wa tumbo la mama yake. Alitaka kuitupa dirishani. Nje wapakiaji walikuwa wanapiga honi.

"Nani kakuambia hawakukusikiliza?" alisema. "Uwanja mzima ulikaa kimya kwa ajili yako. Bwana Mabati hajawahi kusikilizwa hivyo maisha yake yote. Walikusikia, wakakuelewa, wakaenda kupiga kura kama ulivyowafundisha."

Profesa aliitazama simu yake, bado inanasa.

"Andika hivyo kwenye makala yako. Na uanze nayo, usiiweke ukurasa wa sita." Aliiondoa simu, akamrudishia mkononi, akainama upande wa kichwani mwa kitanda. "Haya. Shika huko miguuni, kizito."

Akashika. Wakakitoa pamoja, Profesa akienda kinyumenyume, mpaka kwenye lori.