Mashine ya Katoni

Mwalimu Salehe alikuwa na mapenzi ya mashine, na mapenzi ya namna hiyo hayana tofauti kubwa na ulevi. Alizaliwa Shinyanga mjini, kwenye nyumba za Waswahili nyuma ya soko, akasoma, akaenda Dar es Salaam, akaajiriwa katika ofisi moja iliyokuwa na kompyuta. Kompyuta yenyewe ilijaza chumba kizima na ilikula kadi zilizotobolewa matundu. Salehe aliitumikia miaka minne. Kisha wakubwa wakaamua kwamba mtambo ule una hasara kubwa kuliko faida, chumba kikapigwa kufuli, na yeye akapewa barua ya kwenda kufundisha shule ya msingi ya Mwagulanja, huko upande wa Kishapu, ambako habari za umeme zilikuwa zikisikika redioni tu.

Mtu mwingine angeanza kunywa. Salehe alianza kukusanya makatoni.

Alizunguka madukani akiomba makatoni ya sabuni, akayakata kadi za ukubwa mmoja, mia moja na arobaini, kila kadi kaya moja ya kijiji. Ukingoni mwa kila kadi alitoboa matundu kumi kwa msumari wa moto. Kila tundu lilikuwa swali. Je, kaya hii ina mtoto shuleni? Kama ndiyo, tundu linakatwa kwa mkasi mpaka ukingoni, linakuwa pengo. Kama hapana, linaachwa zima. Sasa zishike kadi zote pamoja, pitisha spoku ya baiskeli kwenye tundu hilo, inua. Zenye pengo zinaanguka mezani, zenye tundu zima zinabaki zinaning'inia. Kwa kufumba na kufumbua umepata jibu ambalo karani angelitafuta kutwa nzima.

Watoto wa darasa la sita na la saba waliipenda mashine ile kuliko mpira. Maagizo yaliandikwa ubaoni, moja baada ya jingine, na aliyeshika spoku hakuruhusiwa kufanya jambo lolote lisiloandikwa. "Mashine haina akili," Salehe aliwaambia kila siku. "Akili ni yako wewe unayeiagiza." Siku moja mvulana aitwaye Mageni aliandika maagizo yanayorudi yalikotoka bila mwisho, na mwenzake akapitisha spoku, akapitisha, akapitisha, mpaka kengele ya uji ikamwokoa. Darasa lilicheka hadi machozi, na hakuna aliyerudia kosa lile.

Lakini aliyeyashika mambo yale kwelikweli alikuwa Mbuke, binti wa Makoye. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, aliyechunga ng'ombe tangu ajue kutembea. Aliona kosa la maagizo kabla spoku haijainuliwa. "Mwalimu, agizo la pili lingetangulia," alikuwa akisema taratibu, "tungebaki na kadi chache za kushika." Na kweli. Salehe, aliyefanya kazi na watu wenye shahada zao, hakuwahi kumwona mtu mwenye kichwa kama kile, na kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kaniki kilichopauka.

Kulikuwa na watu wa Kishapu waliokuja kumposa Mbuke kwa ng'ombe ishirini. Salehe alikwenda kwa Makoye akaomba binti aachwe asome, akabembeleza, akarudi tena. Mwisho Makoye akawaambia wale wageni mbele ya mwalimu: "Ngojeni mtihani. Akifaulu kwenda sekondari, aende. Akianguka, mje na ng'ombe wenu." Kwa mzee wa Kisukuma mwenye binti mmoja, hilo halikuwa jambo dogo, na Salehe alijua. Aliondoka pale akiwa na furaha kama yeye ndiye aliyeposwa.

Swali la ng'ombe lilitoka kwa Mbuke mwenyewe. Kila mwaka dawa ya josho iliisha kabla ya ng'ombe kuisha, kwa sababu waliotajwa siku zote walikuwa wachache kuliko waliokuja. "Tuulize ng'ombe," alisema, na darasa zima likamgeukia.

Usukumani mtu haulizwi idadi ya ng'ombe wake. Ukimuuliza atakwambia wapo, wachache tu. Nao hawakai zizi moja. Kumi wako nyumbani, kumi kwa rafiki aliyeko kijiji cha Didia, wengine kwa shemeji wa mbali, ili ugonjwa ukipita hapa au wezi wakipita kule, mtu asiamke maskini. Mgeni anaona zizi, haoni mali. Wanaojua ni watoto, maana ndio wanaochunga, na mtoto anamjua ng'ombe wa baba yake hata akimkuta katikati ya kundi la ng'ombe wa wengine.

Salehe aliwaangalia wakitazamana. "Kadi hizi hazitoki darasani humu," akawaambia. "Naapa." Ni mwalimu, na alikuwa ameapa, wakamwamini. Tundu la tisa likawa la kaya zenye ng'ombe zaidi ya ishirini. Tundu la kumi likawa la wenye ng'ombe waliowekwa kwa watu, na nyuma ya kadi kila mtoto aliandika kwa penseli idadi yao na kijiji walipo. Salehe alijumlisha, akapeleka jumla tu kwa bwana mifugo bila jina la mtu, na mwaka ule josho halikupungukiwa dawa. Wazee walisema mwalimu huyu mtu wa mjini kumbe ana maana.

Mwenyekiti wa kijiji, Bujiku, ndiye hakufurahi. Aliona watoto wanachezea makaratasi wakati shamba la pamba la shule lina magugu hadi magotini. Akatangaza kwamba vita vimeanza, nchi imevamiwa, na mambo ya makatoni yatafungwa. Salehe akamwomba jambo moja: mkubwa wa wilayani atakapokuja kuhimiza michango ya vita, aione mashine kwanza, aamue yeye.

Mkubwa huyo, Ndugu Pantaleo, alikuja mwezi wa Novemba na Landrover na mgambo wanne. Mbuke alikuwa amekwishafanya mtihani wa darasa la saba na anangoja matokeo, lakini siku ile aliitwa aje ashike spoku, kwa sababu hakuna aliyeishika vizuri kumzidi. Salehe alivaa shati lake la Dar es Salaam. Alipanga kadi, akazipanga tena.

Mwanzoni yalikuwa maswali ya kawaida. Kaya zenye redio? Spoku ikainuka, kadi kumi na moja zikaanguka. Zenye redio na zisizo na mtoto shuleni? Mbuke akapitisha spoku katika zile kumi na moja kwenye tundu la kwanza, lile la watoto, nne zikabaki zinaning'inia. Pantaleo akacheka kwa mshangao wa kweli, akampiga mwalimu begani. "Ndugu yangu, wewe unaozea huku! Pale wilayani nina makarani sita, kazi hii ingewachukua wiki. Nitakuandikia barua. Wilaya nzima lazima iwe na kitu hiki, na wewe ndiye wa kukisimamia."

Salehe alisikia maneno yale kama mtu mwenye kiu anavyosikia maji yanamiminwa. Tangu chumba kile cha kompyuta kifungwe, hapakuwa na mkubwa aliyemwambia kwamba anaozea mahali.

Orodha ya maswali ilikuwa imebandikwa ukutani, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya watoto. Hakuna aliyekumbuka kuibandua. Pantaleo akaisoma akishuka nayo polepole mpaka chini.

"Tisa, ng'ombe zaidi ya ishirini. Kumi, ng'ombe waliowekwa kwa watu." Akageuka. "Hebu nionyeshe hayo mawili kwa pamoja."

Bujiku alikohoa. Mbuke hakuinua spoku. Alimtazama mwalimu wake, akaendelea kumtazama.

Maneno Salehe alikuwa nayo. Tundu la kumi bado hatujalijaza, mheshimiwa. Kadi hizo watoto wamekosea. Leo muda umekwisha. Lolote lingetosha, na yule mkubwa angepanda gari akaenda zake. Salehe aliijua kadi ya Makoye, alijua iko wapi katika lile bunda, na alijua itaanguka. Lakini mkono wa Pantaleo ulikuwa bado begani mwake.

"Endelea," alisema.

Kadi kumi na tisa zilianguka. Ya mwenyekiti Bujiku iliokotwa na mgambo mmoja, ikasomwa jina, ikarudishwa mezani kwa heshima ikiwa imefunikwa kifudifudi. Zilizobaki kumi na nane Pantaleo alizigeuza moja moja, na nyuma ya kila moja akakuta maandishi ya penseli ya watoto, safi, yenye kusomeka. Ya Makoye ilikuwa na mwandiko wa Mbuke: *Didia 19, Masumbwe 12.*

"Hongera sana," Pantaleo akamwambia mwalimu, akaziingiza zile kadi kumi na nane katika mkoba wake.

Waliotaja ng'ombe wao walitoa mmoja kwa kila kumi, kwa ajili ya askari walioko mpakani, na wengi walitoa kwa moyo. Waliokutwa na ng'ombe ambao hawakuwataja waliitwa wahujumu, na wale ng'ombe wakachukuliwa wote. Mgambo walikwenda Didia, wakaenda mpaka Masumbwe. Kama wote walifika kwa askari, mimi sijui. Wako waliowaona wengine mnadani wakiuzwa. Makoye alibaki na kumi na wawili wa nyumbani. Hakuja shuleni kupiga kelele. Hilo ndilo lililomnyima Salehe usingizi, kwa maana alikuwa amejiandaa kupigiwa kelele.

Darasa la makatoni halikufungwa. Lilisifiwa mkutanoni. Watoto ndio hawakuja. Mmoja alikuwa na kidonda, mwingine alitumwa, mwingine alinyamaza tu. Mwezi wa Desemba ikaja barua ya kumhamishia Salehe wilayani, akafundishe makarani. Aliomba aondoke mwishoni mwa Januari. Sababu hakuitaja.

Matokeo yalifika wiki ya pili ya Januari. Katika shule nzima alifaulu mmoja. Salehe aliichukua ile barua, akatembea kwa miguu hadi kwa Makoye, akijipa moyo njia nzima kwamba ahadi ni ahadi na mzee yule ana neno.

"Mwangaluka, Baba Mbuke," Salehe alisalimu.

"Mwangaluka, mwalimu. Karibu kiti."

Zizini kulikuwa na ng'ombe wengi kuliko aliotegemea, wenye alama ngeni masikioni. Salehe aliwaona akajifanya hajawaona. Akafungua barua akaisoma. Makoye, asiyejua kusoma, akaomba isomwe tena.

"Kwa hiyo amefaulu."

"Amefaulu, baba. Shule nzima ni yeye peke yake."

Uso wa mzee uling'aa, na Salehe akaona kwamba hakuna adhabu ambayo angepewa ingekuwa kali kuliko ule mng'ao. "Wabeja," Makoye akashukuru. "Wabeja sana, mwalimu." Kisha akapangusa kiganja chake gotini.

"Nilisema akifaulu aende. Sikukudanganya, wala sijasahau. Lakini kaka yake ameshachumbia, na wakwe wameshapewa siku. Ng'ombe wa mahari yake kaka walikuwa kule Didia. Walikokwenda unakujua. Hawa wamekuja juzi kutoka kwa wale wageni wa Kishapu, na keshokutwa wanaondoka kwenda kwa wakwe." Aliyasema bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Nirudishie ng'ombe zangu, mwalimu. Leo leo nawarudishia wenyewe zao, na mtoto anakwenda shule."

"Nitaandika barua. Nahamia wilayani, nitakuwa karibu nao, nitaeleza kwamba..."

"Utamwandikia nani? Si yule yule?"

Salehe aliikunja barua, akaikunjua, akaiweka juu ya kigoda kilichokuwa kati yao kana kwamba ikilala pale itafanya kazi yenyewe.

Alipoinuka kuondoka alimkuta Mbuke nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, ndoo mbili miguuni. Kichwani alikuwa na kilemba kipya. Akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu."

Salehe aliitikia bila kumtazama. Alitamani Mbuke amtukane. Alitamani alie, ili yeye apate la kufanya, hata kumbembeleza.

"Nimesikia barua," Mbuke alisema. "Asante kwa kuileta." Akasogeza ndoo moja pembeni. "Mwalimu, siku ile nilipokutazama, ulijua kama kadi ya baba imo?"

Angeweza kusema hakujua. Mtoto alikuwa amemfungulia mlango kabisa, kilichobaki ni kupita. Lakini alikuwa amechoka kujisikia akisema maneno mazuri.

"Nilijua."

Mbuke alimwangalia vilevile alivyomwangalia siku ile mezani, ila safari hii hakungoja aambiwe kitu.

"Mimi nilifikiri umesahau," alisema. "Miezi miwili hii najilaumu kwamba sikukukumbusha."

Akainuka, akashika ndoo zake, akaenda kuwanywesha ng'ombe wa mahari yake.