Kabla Sauti Hazijarudi

Kicheko kilitokea jikoni, mama akaacha kukata karoti. Kwa miaka mingi kaka yangu Behruz alikuwa akicheka na watu tusiowaona. Siku hiyo alikuwa ananicheka mimi, nilivyounguza mkate.

Alikuwa mwalimu wa hesabu hapa mjini Khujand kabla ugonjwa wa skizofrenia haujamvaa. Sauti zilimkataza kula, zikamwambia tumemtegea sumu. Dawa za zamani zilimgeuza gogo. Daktari Nigora alipotueleza habari za dawa mpya, iliyokuwa bado majaribioni, hakutuficha kitu.

"Inaweza kumsaidia. Inaweza pia kumdhuru."

Behruz alikubali mwenyewe. Sauti zikafifia, kisha zikanyamaza kabisa, nasi tukaanza kumzoea upya: utani wake, ubishi wake, jinsi anavyokunywa chai kwa kelele. Mama alinenepa. Mimi nilikuwa naogopa, na sikujua naogopa nini.

Asubuhi moja nilimkuta anasukutua kwa maji ya chumvi. Sinki lilikuwa jekundu. Midomo yake ilikuwa na vidonda, na nilipomshika paji la uso, lilikuwa linawaka.

"Usimwambie Nigora, Munira. Nakuomba."

Nilimwambia siku hiyo hiyo.

Majibu ya damu yalipotoka, daktari alifunga mlango. Chembe nyeupe za damu zilikuwa karibu zimekwisha mwilini mwa Behruz. Mgonjwa mwingine aliyeitumia dawa hiyo alikuwa mahututi. Dawa ilikuwa inasitishwa kwa wote.

"Niacheni nife nikiwa mimi," Behruz alisema.

"Sina ruhusa hiyo, mwanangu," daktari akajibu, macho yake sakafuni.

Walimlaza hadi homa ikashuka. Aliporudi nyumbani hakuninunia. Aliketi kando yangu, mama akipika pilau, akasema taratibu, "Sauti zitakaporudi nitakutukana. Nitasema umenitilia sumu. Usinibishie, wewe kaa tu."

"Nitakaa."

"Na kama una la kuniuliza, niulize sasa."

Nilikuwa nayo mengi. Nikauliza moja: miaka yote ile, tulipokuwa tukimwita, alikuwa anatusikia?

Alifikiri kama mwalimu anayetafuta njia fupi ya hesabu ngumu.

"Nilikuwa nawasikia," alisema. "Ila ninyi mlikuwa mnaongea kwa sauti ya chini mno."

Mama akapakua. Tulikula sinia moja, tukisimuliana habari za majirani, kila mmoja akipaza sauti kumshinda mwenzake.